Maswali ya wasomaji: muvi yako ya kutisha na mlango wa jumba la sinema

Mwezi huu maswali yamemiminika, na karibu yote yanatoka kwa watu wanaotengeneza au wanaotaka kuonyesha muvi za kutisha kwa hela zao wenyewe bila studio kubwa nyuma yao, kwahiyo nimeamua safu nzima iwe yao. Barua ndefu nimezifupisha na majina nimeyaacha nje.

SWALI: Habari dada. Sisi ni kundi la marafiki, tumemaliza muvi yetu ya kwanza ya kutisha, dakika 94, hela tumechanga wenyewe. Prodyusa wetu anataka tuingie kumbi nyingi siku moja ili watu waone ni kitu kikubwa. Mi ndo dairekta na moyo wangu unasita. Tuanzie wapi?

JIBU: Moyo wako unakwambia kweli mdogo wangu, msikilize. Jumba la sinema linapima muvi kwa namna moja tu, manake meneja anaangalia hesabu za Ijumaa mpaka Jumapili alafu Jumatatu anaamua nani abaki na nani ampishe mwingine, na hesabu anayoiangalia zaidi sio umeuza tiketi ngapi kwa jumla, ni kila skrini imeingiza ngapi. Sasa chukua watu 400 ambao mna uhakika watakuja wikendi ya kwanza. Ukiwatawanya kwenye kumbi 20, kila ukumbi una watu 20 na kila meneja anaona viti vitupu, Jumatatu mmetoka kote 20. Hao hao 400 ukiwaweka kwenye kumbi tatu, tiketi zinaisha, watu wanarudishwa mlangoni, na mameneja watatu wanakupigia simu wenyewe kuuliza kama mnaweza kuongeza onyesho. Watu ni wale wale, muvi ni ile ile.

Na kwa muvi ya kutisha jambo hili lina uzito zaidi kuliko kwa muvi nyingine yoyote, kwasababu hofu inaambukiza. Mtu wa mstari wa mbele akipiga yowe wa nyuma anashika mkono wa kiti, kile kicheko cha wasiwasi kinapita mstari kwa mstari, alafu kimya kinachofuata kinakuwa kizito kwasababu ni kimya cha watu mia moja wanaongoja pamoja. Ukumbi mtupu unaua hicho kitu kabisa. Nimeona muvi nzuri sana zikionyeshwa kwa watu saba na wakatoka wanasema ilikuwa inaenda polepole, na walikuwa wakweli, kwa watu saba ilikuwa inaenda polepole!

Angalia zilizofanikiwa zilivyoanza. One Cut of the Dead ya Japani ilitengenezwa kwa yen milioni 3 hivi, ikaonyeshwa kwa siku chache mwishoni mwa 2017, alafu Juni 2018 ikafungua kwenye kumbi mbili tu za Tokyo. Mbili! Zikajaa, watu wakaanza kuambiana nendeni ila msiniulize inahusu nini, na ikapanda mpaka mamia ya kumbi na mapato yaliyopita yen bilioni 3. Paranormal Activity iligharimu kama dola 15,000, ikaonyeshwa tamasha la Screamfest mwaka 2007, alafu ikakaa karibu miaka miwili bila kutoka. Ilipotoka Septemba 2009 walianza na miji 13 ya Marekani yenye vyuo, saa sita usiku, na watu wa miji mingine wakawa wanaingia mtandaoni kupiga kura kudai iletwe kwao, zikafika kura milioni moja ndo ikafunguliwa nchi nzima. Dunia nzima iliingiza zaidi ya dola milioni 190. Hata The Blair Witch Project, ambayo nyuma yake kulikuwa na msambazaji aliyeinunua pale tamasha la Sundance, ilianza na kumbi 27 katikati ya Julai 1999, na wiki mbili baadae ndo ikavuka kumbi 1,000.

Mtanambia hao ni wachache waliobahatika, na ni kweli kwa kila moja iliyofika huko ziko nyingi sana ambazo hazikufika popote. Mimi siwatajii ili muote mamilioni. Nawatajia kwasababu wote walikataa kutawanya watu wao mapema, na hilo hata asiye na bahati anaweza kulifanya.

Kwahiyo mwambie prodyusa hivi: tafuteni kumbi mbili au tatu, ndogo, za viti 80 mpaka 150, kwenye maeneo ambayo mna watu. Ombeni onyesho la usiku, Alhamisi au Ijumaa, msikubali kuwekwa saa nane mchana siku ya kazi eti kwasababu ndo nafasi iliyopo, maana hapo mmezikwa. Na kabla hamjasaini chochote kubalianeni na meneja kwa maandishi kwamba tiketi zikifika kiasi fulani kufikia siku fulani, onyesho la pili linafunguka. Meneja yuko radhi kuahidi hilo kwasababu halimgharimu kitu, na nyie mnapata kitu cha kuwaambia watu wenu, kwamba tukijaza huu tunaongezewa mwingine.

Kuhusu mwezi wa kutoa. Kila mtu anaukimbilia Oktoba kwasababu ya Halloween, na studio kubwa nazo zinajua, kwahiyo skrini zote zinabanwa na nyie ndo wa kwanza kusukumwa nje. Skinamarink, nyingine ya dola 15,000, ilitoka Januari 2023 wakati kumbi zina njaa ya kitu kipya na iliingiza kama dola milioni 2. Oktoba mnaweza kuja kuitumia mwaka wa pili, kwa maonyesho ya kurudia.

SWALI: Nimepata msambazaji! Ameniletea mkataba, anataka haki zote dunia nzima kwa miaka 15, hana advansi (hela ya mbele), anasema atakata gharama zake kwanza alafu tugawane 50 kwa 50. Rafiki zangu wanasema nisaini haraka asije akabadili mawazo. Nisaini?

JIBU: Usisaini hivyo ulivyo. Sisemi huyo ni mwizi, inawezekana kabisa ni mtu mwema mwenye karatasi ya kawaida anayompa kila mtu, lakini karatasi hiyo ukiisoma vizuri inasema yeye anaweza kukaa na muvi yako miaka 15 bila kufanya lolote na bila kukulipa lolote na bado hajavunja mkataba.

Tuanze na gharama. "Atakata gharama zake kwanza" ni sentensi inayomeza muvi nzima kama haina kikomo. Safari ya kwenda soko la filamu la Cannes, hoteli, kibanda, mabango, vyote hivyo vinaweza kugawanywa kwa muvi zote alizonazo au vikaangukia ya kwako, na wewe huna namna ya kujua. Dai kikomo kiandikwe kwa tarakimu, na kwamba akitaka kukivuka anakuomba ruhusa kwa maandishi. Dai ripoti ya mapato kila miezi mitatu au sita, na haki ya kumleta mhasibu wako akague vitabu. Msambazaji aliyenyooka haogopi kukaguliwa.

Alafu miaka. 15 ni mingi mno kwa mtu ambaye hajatoa hata senti ya mbele. Mpe mitano au saba, na uweke kifungu kwamba asipoitoa ndani ya miezi kumi na nane haki zinarudi kwako zenyewe bila kesi, na kampuni yake ikifilisika zinarudi pia (kwenye hili mwanasheria lazima akuandikie vizuri, kwasababu sheria za ufilisi za nchi yake zinaweza kukibishia kifungu chako). Kuna watu muvi zao zimefungiwa kwenye mali za kampuni zilizokufa na hawawezi hata kuionyesha bure shuleni.

Dunia nzima nayo muulize: umewahi kuuza wapi? Kama ameuza nchi tatu, mpe hizo tatu na jirani zake. Na haki za kumbi zitenganishe na strimingi, televisheni na diski, kila moja ina bei yake na wakati wake. Hasa jiachie wewe mwenyewe haki ya kuionyesha kwenye matamasha na maonyesho maalum ambayo unakuwepo, kwasababu muvi za kutisha zinaishi miaka mingi kwenye usiku wa aina hiyo na hapo ndo hela ndogondogo za kudumu zinapotoka.

Na kingine watu wanakiona kidogo. Hakikisha maandishi ya hakimiliki yapo kwenye muvi yenyewe, kwenye kila nakala, hata akibadilisha jina. Night of the Living Dead ya George Romero, 1968, ilikuwa na jina lingine mwanzo, msambazaji akalibadilisha, na ile alama ya hakimiliki ilikuwa pale pale kwenye jina la zamani, ikatoka nalo. Kwa sheria ya Marekani ya wakati ule nakala isiyo na alama ilikuwa imepoteza ulinzi, ikawa mali ya kila mtu, yeyote akaionyesha na kuiuza bila kuwalipa walioitengeneza. Sheria hiyo ilibadilika 1989 na leo alama sio sharti tena, lakini funzo la kuangalia nakala ya mwisho kwa macho yako mwenyewe kabla haijatoka halijabadilika.

Mwenye haraka ya kusaini ni rafiki zako, sio msambazaji. Muombe wiki mbili, mtafute mwanasheria anayejua filamu, alafu wapigie simu watengenezaji wawili watatu ambao yuko nao sahivi uwaulize swali moja tu, amewahi kukutumia ripoti bila kuombwa?

SWALI: Jumba moja la sinema linasema nilipe kodi ya ukumbi na tiketi zote ziwe zangu. Jingine linasema nisilipe kitu ila tugawane nusu kwa nusu. Ipi bora?

JIBU: Piga hesabu kwa tiketi badala ya hela, utaona mara moja. Tuseme ukumbi una viti 120 na kodi wanayotaka ni sawa na bei ya tiketi 50. Ukiuza tiketi 30 kwa kodi umekula hasara ya tiketi 20, kwa kugawana umepata 15. Ukiuza 100 njia zote mbili zinakupa 50, hapo ndo zinakutana. Ukijaza 120, kodi inakupa 70 na kugawana 60. Kwahiyo kodi inakulipa tu ukiwa na uhakika wa kuvuka tiketi 100 kati ya 120, na tazama tofauti, ukishinda umeongeza 10, ukishindwa umepoteza mengi zaidi.

Mi nasema kodi ni ya usiku mmoja maalum, premia au onyesho ambalo waigizaji wapo na tiketi umeshaziuza kabla. Kwa wiki nzima gawana, kwasababu meneja akiwa na nusu yake ndani atabandika bango lako mahali linapoonekana, ila akishakula kodi yako mapema hana tena sababu ya kuhangaika. Ila soma vizuri hiyo nusu inahesabiwa kutoka wapi, wengine wanakata kodi ya serikali na gharama za ukumbi kwanza alafu ndo wanagawana kilichobaki, na hapo nusu inakuwa jina tu. Vitafunwa ni vya ukumbi siku zote, usipoteze nguvu kuvidai.

SWALI: Tulifanya onyesho la kwanza na nilitaka kulia. Nyumbani kwenye kompyuta picha ilikuwa nzuri, ukumbini giza tupu, mdude wetu hauonekani. Sauti ikawa ndogo, zile sehemu za kushtua hazikushtua mtu. Projekta ilikuwa mbovu?

JIBU: Pole sana. Inawezekana projekta ilikuwa na shida lakini mara nyingi tatizo linaanza mbali kabla ya ukumbi.

Skrini ya sinema ina mwanga mdogo kuliko kioo chako. Mwanga unapimwa kwa niti, na kipimo cha kawaida cha skrini ya sinema ni niti 48 hivi kwa weupe kamili, wakati kioo cha kurekebishia rangi za televisheni kinawekwa niti 100, na laptop au simu yako inaweza kupita hapo mara kadhaa. Ukikaa nyumbani na kioo kinachowaka, chumba kina mwanga, unaona mdude kwenye kona ya giza vizuri kabisa, unasema tuongeze giza kidogo inatisha zaidi. Ukumbini kile kidogo ulichokuwa unakiona ndo kimezama. Na ukumbi sio giza kamili, zile taa za mlango wa dharura haziruhusiwi kuzimwa na mwanga wake unaangukia skrini na kuufanya weusi uwe kijivu. Kwahiyo muvi ya kutisha inayotegemea vivuli lazima irekebishiwe rangi kwenye chumba cha giza na kioo kilichopimwa kwa sinema, na kabla ya kufunga kazi kodi ukumbi wa kweli hata saa mbili asubuhi uangalie zile sehemu tano za giza kuliko zote. Huna haja ya kuangalia yote. Pia muulize fundi kama lenzi au kichujio cha 3D kimeachwa kwenye projekta, kinakula mwanga vibaya na watu wanasahau kukitoa.

Sauti. Kumbi zina kipimo, spika zinatakiwa ziwekwe namba 7 kwenye kidude cha kuongozea, na mafundi wa sauti wanachanganya wakijua itachezwa 7. Lakini watu wakilalamika matrela yana kelele, ukumbi unashusha mpaka 5 na hawapandishi tena. Kwa muvi ya mapenzi unapoteza kidogo, kwa ya kutisha unapoteza kila kitu, kwasababu kazi yote iko kwenye umbali kati ya kimya na kishindo. Usijaribu kutibu kwa kupaza muvi nzima, ukifanya hivyo umebana huo umbali mwenyewe. Minong'ono na zile sauti ndogo ndogo ndo zipandishe kidogo zipite sauti ya kiyoyozi, alafu andika barua fupi kwa fundi wa projekta, mtaje kwa heshima, muombe 7 au namba mtakayokubaliana mkiisikiliza pamoja, na fika mapema mkajaribu dakika kumi, sehemu moja ya kimya na moja ya kishindo. Kumbuka ukumbi uliojaa unameza sauti kuliko ukumbi mtupu, kwahiyo ikikutosha mtupu, omba kidogo zaidi. Mafundi hawa wanajua kazi yao na wengi hawajawahi kuulizwa na mtengenezaji yeyote, ukimuuliza atakusaidia mpaka ushangae.

Kuhusu faili. Kumbi zinataka DCP, yaani furushi la faili la sinema ya dijitali, sio faili ya kawaida ya video, na unaweza kuitengeneza mwenyewe kwa programu ya bure inayoitwa DCP-o-matic. Chagua umbo la picha mapema, pikseli 1998 kwa 1080 au 2048 kwa 858, ukikosea unapata mistari myeusi pande zote nne na picha inakaa katikati kama stempu. Kama ulipiga kwa fremu 25 kwa sekunde waulize kabla, seva za zamani (mashine za ukumbini zinazocheza muvi) zinataka 24. Muvi ya dakika 90 inaweza kufika GB 150, kwahiyo diski ipelekwe siku kadhaa kabla na waiingize kwenye seva na kuicheza mwanzo mpaka mwisho, sio kuangalia tu kwamba imekubali.

Na kama umeifunga kwa ufunguo ule wa KDM, yaani faili ndogo inayoiruhusu seva kuicheza DCP iliyofungwa, hapa sikiliza vizuri kwasababu linawakuta watu wa muvi za kutisha zaidi kuliko wengine. Ufunguo unafanya kazi kwenye seva moja tu na kwa muda ulioandikwa tu, na wewe onyesho lako ni saa sita usiku. Onyesho la "Ijumaa saa sita usiku" kwa seva ni Jumamosi saa sifuri! Mtu ameandika ufunguo uishe Ijumaa, watu wamekaa, taa zimezimwa, muvi inagoma, na anayetengeneza funguo amelala. Weka ufunguo uanze siku moja kabla, ili waweze kuijaribu, na uishe siku moja baada, hakikisha na saa za eneo ni sahihi. Kwa onyesho dogo ambalo unakuwepo mwenyewe, mi ningeacha kuifunga kabisa.

SWALI: Tamasha moja linataka kuionyesha muvi yangu mtandaoni kwa watu walionunua tiketi. Naogopa itavuja. Nikatae?

JIBU: Hofu yako ina msingi. Ile Skinamarink niliyoitaja juu ilionyeshwa tamasha la Fantasia kule Montreal 2022, alafu ikavuja kupitia onyesho la mtandaoni la tamasha jingine, vipande vikaenea TikTok na kwingineko kabla haijaingia kumbi. Kwao uvujaji uligeuka kuwa tangazo, lakini wao walikuwa tayari na msambazaji na ilibidi waharakishe tarehe. Wewe kama huna tarehe wala msambazaji, kilichovuja kimevuja.

Mi ningewaambia nakuja kwa onyesho la ukumbini tu. Kama ni lazima mtandaoni basi idadi ya tiketi iwe na kikomo, iishie nchi moja, na kila nakala iwe na alama ya siri inayoonyesha imetoka kwa nani. Na uliza kabla kama hilo onyesho linahesabika kuwa premia, yaani onyesho la kwanza kabisa, maana matamasha makubwa ya aina hii, Sitges ya Hispania iliyoanza 1968, FrightFest ya London, Bucheon ya Korea Kusini, yanapenda kuwa ya kwanza kwenye eneo lao, usije ukachoma premia yako kwa watu sitini waliokuwa wanaangalia na simu mkononi.

SWALI: Muvi yetu ina damu nyingi. Bila cheti cha umri kumbi zitatukubali?

JIBU: Inategemea nchi, kwahiyo ulizia bodi ya filamu ya huko kabla hujatangaza tarehe. Marekani mfumo wa alama za umri ni wa hiari, unaweza kutoka bila alama, ila baadhi ya majumba yatakukataa na matangazo yako yatabanwa. Uingereza kumbi zinafuata BBFC, bodi yao ya kupanga umri wa muvi, ambao wanatoza kwa urefu wa muvi, na halmashauri ya eneo ndo yenye neno la mwisho kisheria. Kwingine bila cheti ni kosa la jinai, usijaribu.

Kwamba haiwezekani bila alama sio kweli. Terrifier 2, 2022, bajeti kama dola 250,000, dakika 138, damu mwanzo mpaka mwisho, iliingia kumbi za Marekani bila alama, na wikendi ya pili ikaingiza zaidi ya ya kwanza, kitu ambacho muvi kubwa hazikioni mara nyingi. Ilipita dola milioni 10 nchini humo. Lakini kama bodi inataka ukate sekunde kadhaa ili ushuke kutoka 18 kwenda 15 au 16, fikiria sana kabla ya kugoma, wale vijana ndo wanaokuja na marafiki wanne wanne. Kata mwenyewe, pamoja na mhariri wako. Usiwaachie msambazaji au ukumbi.

SWALI: Mimi si mtengenezaji, ni mpenzi tu wa hizi muvi. Nataka kuandaa usiku wa muvi za kutisha za watengenezaji wadogo, ukumbi nimeshapata. Nifanyeje usiku uwe wa kukumbukwa?

JIBU: Nimefurahi sana kuona barua yako, kwasababu watu kama wewe ndo wanaozifanya muvi hizi zionekane, watengenezaji peke yao hawawezi.

Kwanza ruhusa. Kuwa na diski au kulipia strimingi hakukupi haki ya kuionyesha kwa watu, hata kama kiingilio ni bure. Tafuta mwenye haki, mara nyingi ni msambazaji na kwa muvi ndogo ni dairekta mwenyewe, mwandikie useme ukumbi una viti vingapi, tarehe, bei ya tiketi, na unampa nini, ama kiasi kimoja au asilimia. Wengi wanakubali haraka. Na mlipe siku hiyo hiyo au kesho yake pamoja na idadi ya watu waliokuja, sifa hiyo itakufungulia muvi inayofuata kuliko barua yoyote tamu.

Muvi moja ndefu na fupi mbili kabla yake zinatosha. Weka yenye kuchekesha kidogo kwanza, watu wazoee kutoa sauti pamoja, alafu ya kimya, alafu ile ndefu. Matangazo na salamu viishe mapema, na mkishazima taa msiziwashe tena kati ya muvi na muvi. Kaa na watu wa mlango mkubaliane wachelewaji waingie lini, kwasababu mlango ukifunguka na mwanga wa korido ukaingia kwenye ile dakika ambayo dairekta ameijenga kwa nusu saa, umemuibia. Akiweza kuja dairekta mlete aongee baada, sio kabla, kabla akiongea sana anaanza kujitetea.

Vituko vya ukumbini navipenda, na vina historia ndefu. William Castle mwaka 1958 alimpa kila mtazamaji wa Macabre bima ya dola 1,000 kutoka Lloyd's ya London endapo angekufa kwa hofu, na mwaka uliofuata kwa The Tingler akafunga vitetemeshi chini ya baadhi ya viti. Ilifanya kazi kwasababu watu walijua ni mchezo na walikuja kuucheza. Kwahiyo tiketi iliyochapishwa vizuri, korido ya giza, mtu mmoja aliyevaa kama mdude anayesimama tu bila kugusa mtu, hivyo sawa. Kuzima umeme ghafla, kufunga milango, kumshika mtu gizani, kupiga kelele za moto au hatari ya kweli, hapana kabisa, kuna watu wataumia kwenye ngazi na ukumbi hautakupa tena nafasi. Na kama muvi ina taa za kumetameta kwa nguvu weka onyo kwenye tangazo la tiketi na mlangoni pia, kwasababu wapo wanaopata kifafa kwa mwanga wa aina hiyo na wana haki ya kujua kabla hawajatoa hela. Onyo la ukatili wa aina fulani nalo liwepo kwa wanaolitaka, unaweza kuliweka kwenye karatasi mezani, anayetaka anasoma na asiyetaka anapita.

Tarehe usichague siku ambayo muvi kubwa ya kutisha inafunguliwa ukumbi huo huo, muulize meneja ratiba ya miezi miwili mbele. Kwa mara ya kwanza chukua ukumbi mdogo kuliko unaodhani unauhitaji. Tiketi zikiisha wiki moja kabla, omba onyesho la pili usiku huo huo baada ya la kwanza, na usihamie ukumbi mkubwa.